Barua Moja Mkononi

"Ishirini na mbili!" Derek Pilbeam alirudia kuhesabu, akidhani kosa ni lake. "Ishirini na mbili kati ya themanini? Wewe, Lorna?"

Binti yake wa miaka kumi alikuwa ameinama mpaka nywele zinagusa sahani ya tosti. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, wiki tano kabla ya mtihani wa mchujo, ule unaoamua nani apande kwenye shule ya vipaji kule mlimani na nani ateremke na wenzake shule ya bondeni. Tangu kiangazi walikuwa wakijisomea wawili hapo mezani, baba akirudi kazini miguu inawaka moto, binti akitoka shule njaa inamuuma, na mama mtu, Maureen, akiwapitishia chai juu ya vitabu. Na sasa ishirini na mbili! Hata paka angebahatisha zaidi.

Derek aliisogeza karatasi ya jaribio dirishani. Mtu aliyepeleka barua miaka kumi na tisa hasomi kama wasomaji wengine, macho yake hushuka na safu kama anavyoshuka na mtaa. Swali la kwanza mpaka la kumi na tisa, yote sawa. Kuanzia la ishirini, balaa tupu.

"Hili la ishirini ulilifanyaje?"

"Lilikuwa gumu, nikaliruka. Si wewe ulisema likiwa gumu niliruke?"

"Nilisema. Na huku kwenye karatasi ya majibu, je? Nafasi yake uliiacha wazi?"

Lorna akaisogelea akaitazama upya. Karatasi ya maswali ilikuwa mbali na karatasi ya majibu mbali, na kazi ya mtoto ilikuwa kutia kistari cha penseli kwenye kisanduku. Jibu la ishirini na moja alikuwa amelitia kwenye nafasi ya ishirini, la ishirini na mbili kwenye ya ishirini na moja, akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Derek aliyasogeza yote kwa kidole, moja moja, akahesabu upya. Sabini na moja.

"Maureen! Njoo uone maajabu!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mtoto hajafeli! Kagawa barua za mtaa mzima mlango wa jirani!"

Kesho yake Jumapili alimtoa nje. Alibeba bunda la magazeti na bahasha kuukuu, amelifunga kwa mpira mwekundu wa posta, wakasimama mwanzo wa Mtaa wa Hopley, upande wa namba witiri.

"Haya, gawa. Usiingize ndani, gusisha tu mlangoni uniambie ni ya ngapi."

Lorna alikwenda mbio. Ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tatu...

"Simama hapo! Soma namba."

Mtoto akainua macho. Mlangoni pameandikwa kumi na tano.

"Kumi na tatu iko wapi?"

"Haipo. Waliojenga mtaa huu waliogopa nuksi. Kila kijana mpya wa posta anaingia hapa anahesabu milango badala ya kusoma namba, na jioni mtaa mzima unapigiana kelele. Sasa nisikilize, mama. Kila milango mitano, simama usome. Na ukifika mwisho wa mtaa una barua moja mkononi, usiitupe kwenye maua ukajifanya hujaiona. Kosa liko nyuma yako. Rudi mlango kwa mlango mpaka ulikute."

Bibi Tutt wa namba sita alikuwa getini kwake, rola za nywele zimejaa kichwani. Mjukuu wake Gary naye alikuwa anafanya mchujo, tena alikuwa na mwalimu wa nyumbani, mtu wa tai na mkoba.

"Makubwa haya!" alisema. "Siku hizi mchujo unafundishwa na matarishi?"

"Tunafanya mazoezi ya viungo tu, Bibi Tutt."

"Hewaa! Bora viungo vyenyewe viwepo. Maana ninyi Pilbeam kichwani humo, sijui." Akacheka, lakini si kwa ubaya sana. "Umesahau bahasha uliyoletewa wewe? Mtaa mzima tuliiona. Nyembamba kama jani la chai."

Derek hakuwa amesahau. Watu wote wa mji ule walijua kwamba bahasha nene ina fomu za kujiunga, na bahasha nyembamba ina karatasi moja ya pole. Ya kwake baba yake aliitia kwenye moto wa sebuleni, akamwambia amalize uji wake. Ilimuuma mpaka leo, na aliona aibu kwamba inamuuma.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa kwao, namba mbili. Lorna alisukuma gazeti kwenye tundu la barua, likakwama katikati.

"Lini utalipanua tundu hili, Derek?" Maureen alipiga kelele kutoka ndani. "Halipitishi kitu kinene kuliko bili! Kweli mganga hajigangi!"

"Wiki ijayo, mke wangu!" Alikuwa anasema hivyo tangu waoane.

Siku ya mtihani, Januari, Lorna alikwenda amevaa mpira mwekundu wa posta mkononi kama bangili. Alipotoka alikuwa ameiva uso, akasema maneno yote kwa pumzi moja.

"Baba, nilifika mwisho wa mtaa nina barua moja mkononi!"

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi! Mlango kwa mlango! Nikakuta niliruka nafasi ya hamsini na nane, nikafuta yote ya mbele yake, nikaanza kuyapanga upya, na yule mama anasema dakika tano, dakika mbili, halafu kengele ikalia."

"Ulimaliza?"

"Sijui." Midomo ilianza kumcheza. "Nilikuwa nakimbia, Baba. Sijui."

Na hilo "sijui" likakaa nao nyumbani miezi miwili, likala nao, likanywa nao chai.

Barua zilifika Jumamosi moja ya Machi. Saa kumi na moja alfajiri, kwenye meza za kupangia, Reg, mwenzake Derek wa miaka mingi, aliinua bahasha moja yenye muhuri wa idara ya elimu.

"Pilbeam, namba mbili, Mtaa wa Hopley. Derek, ndiyo hii! Nikuambie unene wake?"

"Weka chini! Reg, nakuapia, ukiipapasa nakuvunja kidole!"

Meza zote zilicheka. Derek aliichukua kwa ncha ya kona, kama mtu anayeshika mkia wa panya, akaitia mwisho wa bunda, nyuma ya bili na orodha nene ya mbegu za maua, akafunga mpira. Hakutaka kujua. Kama ni nyembamba, angetembeaje mtaa mzima anajua? Na kama ni nene, angewezaje kutopiga kelele?

Saa mbili kasoro alisimama mlango wa namba moja. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano tu, Lorna alikuwa dirishani kwa nguo za kulalia, amebandika pua kwenye kioo. Maureen alikuwa nyuma yake, anamwashiria kwa mikono miwili: njoo basi, mwanamume, vuka! Lakini kila dirisha la mtaa lilikuwa na macho, na ukianza kuruka milango ujue utafika mwisho na kitu mkononi. Akatikisa kichwa, akaanza kupanda na witiri.

Hakuwahi kuuona mtaa ule mrefu hivyo. Ya kumi na moja, ya kumi na tano. Mzee wa ishirini na tisa akataka kuzungumzia goti lake. Derek akalisikiliza goti. Akafika juu arobaini na tano, akavuka, akaanza kuteremka na namba shufwa, na miguu ikawa inaongeza mwendo yenyewe. Kila milango mitano alisimama akasoma namba, maana leo, wallahi, angeweza kumpa mtu barua ya mtu.

Namba sita, Bibi Tutt alimpokonya barua kabla haijafika kwenye tundu. Akaichana pale pale. Akaisoma. Uso ukamlegea, na Derek akaona kwa mara ya kwanza kwamba ni bibi mzee.

"Nyembamba," alisema.

"Pole, Bibi Tutt. Pole sana."

Gary alichungulia chini ya mkono wa bibi yake. "Nimekosa? Kwa hiyo yule mwalimu haji tena?"

"Haji tena, mjukuu wangu."

"Naruhusiwa kwenda mpirani?" Alishatoka nje kabla hajajibiwa, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Bibi Tutt akamtazama akiteremka na barabara, akataka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo.

"Ondoka hapa, Derek. Mtoto wako atavunja kioo."

Ya nne, bili na orodha ya mbegu. Bunda likaisha. Ilibaki barua moja mkononi, na safari hii ilikuwa na mlango wake. Derek aliishika kwa ncha ile ile ya kona, akatazama mbele tu.

Dirishani hapakuwa na mtu. Kifuniko cha tundu la barua kilikuwa kimeinuliwa kwa ndani, na vidole vinne vyembamba vimetokeza nje, mpira mwekundu ukionekana nyuma yao.

"Baba, ni nene?"

"Sijui."

"Uongo!"

"Haki ya Mungu sijui. Toa vidole, niifikishe."

Vidole vikarudi ndani. Derek alifuta mikono kwenye suruali, akaielekeza bahasha, akasukuma. Ikaingia robo, ikagoma. Akasukuma tena. Ilikuwa imekwama katikati kabisa, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na ndani Lorna ameanza kuivuta.

"Baba!" Sauti ilikuwa juu, karibu na kicheko. "Baba, haipiti!"

"Vuta!" Derek alikuwa amepiga magoti kizingitini, kofia imemdondoka, anasukuma kwa viganja vyote viwili. "Vuta, mama, vuta!"