Kifuu chenye Vidole Vitano

Kaka yangu Alfani ndiye aliyeniambia kwamba mwanamke hapigi gitaa, na ndiye aliyekuja kupigwa kwa ajili ya gitaa. Nalisema hili mapema ili asiyependa habari za damu aondoke.

Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka. Hapa Msambweni redio ya dukani ililia magitaa kutwa nzima, yote ya wanaume, wote wakimlilia mwanamke aliyewakimbia. Kwani huyo mwanamke naye hana la kusema? Basi nikaenda Kinondo kumjulia hali shangazi, nikamkuta jirani yake, Mbodze, amekalia kinu kilichopinduliwa, gitaa la marehemu mumewe mapajani. Alikuwa akiimba wimbo wake mwenyewe juu ya mwanamume anayemfungia mkewe unga kabatini, na alimtaja kwa jina. Nilirudi na wimbo ule mdomoni nikawafundisha wanawake wote kisimani. Kila nilipopata nafasi nilirudi Kinondo na wenzangu wawili watatu, na Mbodze akanifundisha kubana nyuzi mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Aliyempenda Mbodze kuliko sote ni Biasha, mke wa Alfani, ambaye hakuruhusiwa kwenda kokote. Mimi nilimwimbia nyimbo za Mbodze jikoni kwa sauti ya chini. Siku moja nilimkuta mdomo umevimba, jino la mbele halipo.

"Kifuu kimenirukia, wifi," akasema. "Nilikuwa nikivunja nazi."

Kifuu! Nilimweleza Mbodze siku hiyo hiyo, wala sijuti.

Jirani yetu Bi Mwanaima alipomwoza bintiye, nilimwalika Mbodze kwenye siku ya wanawake; hata Biasha aliruhusiwa kuja, maana harusi ya jirani haikataliwi. Ua ulizungushiwa makuti. Siku hiyo mwanamume haingii uani, hata mwenye nyumba hupiga hodi akangoja nje. Akivuka, wanawake wana ruhusa naye, na hakuna atakayesikiliza mashtaka yake. Alfani aliyajua hayo tangu utotoni.

Mbodze akacharaza, akaimba:

*Kifuu gani jamani, chenye vidole vitano?*
*Kimempiga Biasha, kikaondoka na jino.*

Vigelegele vililipuka. Biasha alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, sikujua analia au anacheka.

Alfani alikuwa nje na wanaume wenzake wakila pilau. Alipasua makuti akaingia na rungu. "Yuko wapi malaya huyo?" Mbodze aliliinamia gitaa alikinge, na rungu likamshukia mkono wa kushoto. Nilisikia vidole vikivunjika. Akapiga tena, ubavu wa gitaa ukapasuka.

Bi Mwanaima alisimama taratibu. "Mwanangu Alfani, umeingia ua wa wanawake."

"Nimemfuata anayenitukana!"

"Umeingia," akasema Bi Mwanaima, akauchukua mchi.

Mchi wa kwanza ulimpata mgongoni, akapiga magoti. Baada ya hapo sijui nani alimpiga na nini. Miko, kuni, visigino. Mimi nilishika mbuzi ya kukunia nazi nikampiga nayo kichwani, meno ya chuma yakamchana sikio, damu ikamtiririka mpaka kwenye kanzu. Nilifurahi, na nilitaka kumpiga tena. Tukamburura kwa miguu tukamtupa nje. Wanaume waliinamia sinia zao. Biasha peke yake hakumgusa.

Vidole vya Mbodze viliunga vibaya, vitatu havikukunjika tena. Alinisukumia gitaa. "Lichukue, mwanangu. Mimi nimekwisha."

Nilikasirika kuliko siku ile ya harusi. Nililiziba gitaa kwa nta, nikaketi ubavuni mwake bega kwa bega, nikaishika shingo ya gitaa. "Wewe charaza, mimi nabana." Mwanzo tulitoa kelele tupu, tukagombana, akanipiga makofi mkononi kwa kila kosa. Kisha wimbo ukatoka. Tukauimba hivyo, wanawake wawili na gitaa moja, kila ua uliotuita, mpaka Majoreni.

Alfani alipona akawa Alfani yule yule. Asubuhi moja nilikuwa jikoni kwao, akaingia akifoka kwamba uji umepoa. Akauinua mkono. Biasha hakugeuka. Akaanza kuimba, upepo ukimpitia kwenye pengo, "Kifuu gani jamani..." Jirani aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ua akaudaka mstari wa pili, na nyumba ya mbele yake mwingine akadakia.

Mkono ulibaki juu. Kisha ukashuka, ukapapasa lile sikio. Alfani akaketi mkekani, akanywa uji wake uliopoa.