Usimalizie Filamu ya Mkunga

Msimu wa tuzo ukifika, saluni yetu haishikiki. Redio inataja filamu zinazoshindana, simu za wateja zinaonyesha waigizaji na magauni yao, na anayeulizwa maswali ni mimi, kwa sababu ukumbi wa sinema uko ng'ambo ya barabara na siku zangu za mapumziko zote huishia humo. Dada, ambaye ndiye mwenye saluni, husema nimeolewa na kiti cha safu ya nyuma.

Nina namna yangu ya kufanya kazi. Mteja akikaa, namuuliza anataka mtindo gani na filamu gani. Misuko minene, filamu ya haraka haraka. Misuko myembamba, namsimulia yote, tangu taa zinapozimwa hadi majina yanapopanda. Nikifika kisogoni, mtu kashakufa au kashaolewa.

"Ile ya mwanamuziki mlevi ikoje?" Mwalimu wa chekechea aliniuliza siku moja, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu.

"Yule kaka anaigiza, sikatai. Lakini mtu kafiwa na mkewe, machozi yanashuka, poda haitikisiki! Tuzo wampe aliyempaka poda."

Saluni nzima ikacheka.

"Na ya vita?"

"Milipuko tu. Nimetoka masikio yanapiga filimbi, sijui nani alikuwa anampiga nani."

"Basi ipi ishinde? Na usiniambie tena ile ya mkunga!"

"Ya mkunga, Mwalimu. Nikuambie ipi nyingine?"

Ni mkunga mmoja, kwenye zahanati moja, siku ya mvua. Kabla ya kumwendea mzazi nyuma ya pazia, ananawa. Kamera inabaki pale pale kwenye mikono, maji yanatiririka, povu linashuka, hakuna anayesema neno. Mimi nimelelewa na mkunga. Mikono ile naijua. Mama yangu hunawa vile vile hata akitaka kukanda unga.

Mama alikuwa amestaafu juzijuzi. Nilipompigia simu kumpongeza alinijibu, "Pongezi za nini? Watoto hawanijui, na mama zao walikuwa wamefumba macho kwa uchungu. Nani aliniona?" Sasa Jumamosi alikuwa anakuja kututembelea, nami nilishaapa nitamkalisha mbele ya mikono ile, ingawa kwake sinema ni watu wazima kucheza baba na mama.

Ndipo akaingia mkata tiketi, anataka kuoshwa nywele.

"Chekeni tu ya milipuko," akasema, "ndiyo inayojaza ukumbi. Ya mkunga tunaitoa Ijumaa. Jana ulikuwepo wewe na wale wapenzi wawili, na wale filamu hawakuiangalia."

Kitana kikanidondoka. "Iacheni hadi Jumamosi tu! Mama anakuja!"

"Meneja kasema labda Alhamisi pajae. Pajazwe na nani?"

Nikainama usoni kwa Mwalimu. "Mwalimu wangu, utakwenda, si ndiyo?"

"Niende kufanya nini, mdogo wangu? Mtoto ametoka na kitovu shingoni, kimya, mkunga kahangaika naye, mtoto kalia. Nami nililia hapa hapa, nikakulowanishia taulo."

"Hata mimi nimeiona," mke wa fundi rangi akadakia kutoka kwenye kikaushio. "Kwenye kiti hiki hiki."

Dada akashika kiuno. "Kumbe! Mtaa mzima umeiangalia humu ndani, tena bure. Wewe ndiye uliyeiua."

Nilitaka ardhi inimeze. Filamu ninayoipenda kuliko zote, nimeimaliza kwa mdomo wangu!

Kuanzia hapo nikabadili kazi. Muuza viatu alipokuja kusukwa, nilimsimulia mvua, pazia, kitovu, mtoto ametoka kimya, mkunga amemlaza kiganjani, baba anachungulia mlangoni. Nikafunga msuko wa mwisho.

"Halafu?"

"Umependeza. Kioo hicho."

"Kioo cha nini? Mtoto je?"

"Ukumbi uko ng'ambo."

"We binti! Fumua zote usuke upya mpaka uniambie!"

Kila aliyekaa nilimwacha pale pale, mtoto yuko kiganjani. Walinitukana, walinibembeleza, mmoja akanuna hadi mlangoni. Na waliokuwa wanajua mwisho niliwaambia, "Mtoto nimewasimulia. Mikono haisimuliki. Nendeni mkaione."

Alhamisi nilichungulia dirishani, nikapiga kelele Dada akadhani nimeungua. Foleni ilikuwa imepinda kona! Muuza viatu yuko mbele, Mwalimu kaja na walimu wenzake. Mkata tiketi akanipungia mkono kama mtu aliyeshinda yeye hiyo tuzo. Filamu ikabaki.

Jumamosi Mama alikaa na mkoba wake mapajani, ameukumbatia. "Giza lote hili la nini?" akauliza. Kisha mikono ikajaa ukuta mzima. Sikuangalia filamu, nilimwangalia Mama. Aliuachia mkoba, mikono yake ikaanza kusuguana polepole, kidole kwa kidole, sambamba na ile ya mkunga.

Mtoto alipotoka kimya, Mama alisimama. "Msugue mgongo! Msugue, usimwangalie!"

"Kaa chini, mama, hatuoni!" mtu akafoka nyuma.

"Mwacheni!" Ilikuwa sauti ya Mwalimu, kumbe karudi tena. "Huyo ni mkunga wa kweli!"

Watu wakageuka kumtazama. Mtoto akalia, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na wa safu ya mbele walikuwa bado wamemgeukia Mama.

Tulipotoka nje Mama alinishika mkono tukavuka barabara hadi karibu na saluni. "Amenawa vizuri," akasema. Halafu, "Hiyo tuzo wanatoa lini? Kura tunapigia wapi sisi?"

Jumatatu alijiwekea kiti karibu na mlango wa saluni. Mteja mgeni akaketi, akauliza kuhusu filamu ya mkunga, na kabla sijashika kitana Mama alishafika kwenye kitovu, mikono hewani, macho yanawaka. "Basi nikamwambia, msugue mgongo, na mtoto..."

"Mama, usimalizie!" tukapiga kelele mimi na Dada, nami nikamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa mafuta ya nywele.