Anayeachia Kamba

Puto la kurushia watalii liligusa shamba la miwa, likanyanyuka tena, na vijana waliokuwa wakilivuta chini wakaachia kamba wote. Gadallah hakuachia. Rayis Mahrus, msimamizi wao, alishawaambia: anayeachia kamba, kesho asije kazini. Upepo wa asubuhi ile haukuwa wa kurusha puto, kila mtu ng'ambo ile ya mto, pale Luxor, alilijua hilo. Lakini wageni walishalipa, basi tena.

Puto likamburuta mpaka kwenye mfereji, likambamiza mgongo ukingoni, ndipo kapu likatua.

Alijaribu kusimama. Miguu aliiona, imelala pale kwenye matope, ila hakuisikia kabisa. Akaingiwa na hofu.

"Shazli! Shemeji, nisaidie!"

Shazli, mume wa dada yake, alikuwa ameshika ngoma. Wageni wakishuka hupigiwa ngoma na kuchezewa, kila asubuhi, liwe jua liwe vumbi.

"Piga," alisema Mahrus.

"Rayis, Gadallah kaumia."

"Kwani mimi kipofu? Piga, wasisikie anavyolia."

Shazli akapiga. Gadallah alipopaza sauti, ngoma nayo ikapanda. Bibi mmoja wa kizungu akauliza yule ni nani.

"Mwenye shamba," Mahrus akacheka. "Analilia miwa yake."

Wageni wakacheka pia, wakapakiwa kwenye mabasi madogo, wakapelekwa kunywa chai.

Kisha vijana wakavua viatu ili wasichane kitambaa, wakalikunja puto kwa viganja. "Taratibu jamani! Taratibu!" waliambiana. Gadallah alisikia, roho ikamuuma kuliko mgongo. Yeye hakuna aliyemgusa. Puto na kapu vikajaza lori.

Mahrus akaja kuchuchumaa kando yake.

"Tutakurudia. Na hospitali wakikuuliza, sema ulikuwa unakata miwa, ukadandia kamba mwenyewe. Sisi hatukujui. Umenielewa, mwanangu?"

"Hamnijui? Miaka yote hii?" Gadallah aligeuza shingo, ndiyo pekee iliyogeuka. Shazli alikuwa juu ya lori, amelikalia puto lisiteleze. "Shemeji, mwambie. Mwambie unanijua."

Injini ikawaka. Shazli aliinamia viatu vyake, akavifunga, akavifungua, akavifunga tena, mpaka lori likatokomea nyuma ya miwa.