Jani Lililoning'inia Angani

Wapaka rangi walipomaliza ukuta wa mapokezi, waliirudisha ile picha miguu juu kichwa chini. Ilikuwa picha ya miti kando ya ziwa, maji yametulia tuli mpaka miti inajiona ndani yake. Sasa ziwa likawa mbingu, mbingu ikawa ziwa, na ofisi nzima, tena ofisi ya maji, ikawa inapita hapo na vikombe vyake vya chai bila kushtuka.

Aliyeona ni Shangazi peke yake, mfagizi. Miaka tisa alikuwa akiipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, na akimaliza husimama kidogo kuitazama, ufagio kwapani. Kwake ni chumba kimoja na wajukuu wanne. Mahali pake pa kuvuta pumzi palikuwa hapo. Basi ilimuuma wiki tatu nzima, mwishowe akaenda kwa meneja.

"Picha imepinduliwa, bosi."

Meneja hakuinua hata uso. "Shangazi, kazi yako vumbi. Mambo ya sanaa waachie wenye macho."

"Kwani mimi sina?"

"Ukiigusa, kibarua kimeota nyasi."

Haya. Mtu mzima anaambiwa hana macho, na anayemwambia kavaa miwani. Shangazi alivuta kiti cha mapokezi, akavua ndala, akapanda mbele ya kadamnasi na kuigeuza. Kisha akaenda kuweka funguo za stoo mezani kwa meneja.

"Nimeigusa."

Meneja alitoka mbiombio, wateja kwenye foleni wakimtazama. "Irudishe ilivyokuwa."

"Irudishe mwenyewe. Kiti hicho hapo."

Akapanda kweli, na suti yake. Akaishika fremu kwa mikono miwili, pua karibu iguse ziwa, na hapo akaganda. Jani moja la njano lilikuwa likielea juu ya maji, limezungukwa na kiduara chembamba cha wimbi. Wiki tatu lilikuwa limening'inia angani, naye akipita chini yake kila siku.

"Hili jani," alisema bila kugeuka, "lilikuwepo siku zote?"

"Miaka tisa. Ndilo ninaloanza nalo kupangusa."

Meneja hakuigeuza picha, wala hakushuka. Shangazi alikwenda mezani kwake, akachukua funguo bila kungoja kupewa, akarudi na ufagio.

"Ukishuka, ufute kiti," alimwambia. "Umepanda na viatu."