Kitambaa cha Wiki Sita

Kifafa nimeishi nacho miaka thelathini, cherehani miaka arobaini, na sikuwahi kuharibu nguo ya mtu. Kwa hiyo daktari aliponibadilishia dawa, ya zamani nipunguze kidogo kidogo, mpya niongeze kidogo kidogo, nikaona ni kama kubadili uzi tu. Kumbe! Wiki ya pili kichwa kikazunguka kama gurudumu la cherehani, na sindano moja nikaiona mbili. Nikashona mkono wa shati la mteja pale penye kola.

Binti yangu alilicheka lile shati mpaka machozi. Halafu akachukua shuka, akaifunika cherehani.

"Mama, hiyo dawa mpya iache."

"Muuguzi wa pale hospitali alisema nisiache ghafla, kifafa kitarudi na ndugu zake."

"Basi andika unavyojisikia, daktari aone. Mpaka hapo, cherehani usiiguse."

Kuandika! Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kalamu tunasalimiana kwa mbali. Nikatwaa kitambaa cheupe na sindano ya mkono, nikakichora mistari, kila siku mstari wake, asubuhi kushoto, jioni kulia. Kizunguzungu uzi mwekundu. Mikono ikitetemeka, bluu. Nikiwa mzima, kijani. Nikianguka, mweusi. Siku nyingine mishono ilikwenda upogo kama nyayo za kuku, lakini ilikwenda.

Wiki ya sita nikakitandaza mezani kwa daktari. Binti yangu akaona haya.

"Samahani daktari, mama huyu na mambo yake..."

Daktari alikuwa anapitisha kidole, mstari kwa mstari.

"Bibi, nyekundu zote ziko kushoto."

"Ndiyo. Asubuhi, nikishameza tu."

"Na nyeusi iko wapi?"

"Itafute."

Akageuza mbele, akageuza nyuma. Hakuna hata mshono mweusi mmoja.

"Dawa inafanya kazi," akasema. "Hatuiachi. Asubuhi nakupunguzia, jioni nakuongezea. Hiki niachie, niwaonyeshe wenzangu."

"Mwanangu, mimi sitoi kazi haijapigwa pindo."

Nikaongeza mistari nyumbani. Nyekundu zikapungua, zikaisha. Kijani zilipofika kumi mfululizo, binti yangu akazihesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akaenda kuiondoa shuka. Nikaketi. Sindano ilikuwa moja. Nikapiga pindo pande zote nne, limenyooka kama rula.

"Sasa," nikamwambia, "mpelekee daktari."