Mlango wa Nyumba ya Chandarua

Lutengano alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba la majaribio nje ya Mbeya, mtu wa kanisani, apendaye kuitwa mzee hata na waliomzidi umri. Mwaka ule wa 1954 bwana mtaalamu alikuwa akisaka chanzo cha michirizi kwenye majani ya mahindi. Alikwisha kukamua majani yaliyougua, akachuja maji yake kwa chujio lisilopitisha bakteria, akawadunga maji hayo wadudu wasio na ugonjwa, wale wadogo warukao majanini. Mahindi waliyoyafyonza yakaugua. Basi ni kirusi, na mdudu ndiye mbebaji. Yalibaki mahindi ya kulinganishia, ndani ya nyumba ya chandarua, na wadudu wasiodungwa. Hayo yakibaki mazima, ushahidi umekamilika.

Nayo yakatoka michirizi.

Bwana akasema mlango uliachwa wazi, wadudu wa shambani wakaingia, kazi ya msimu mzima imeharibika. Mwangalizi wa nyumba hiyo, Jailos, baba wa watoto wadogo, aliapa kwamba aliufunga alipokwenda kuteka maji. Akaambiwa afungashe virago.

Lutengano alijua Jailos anasema kweli. Siku moja, Jailos akiwa ameenda kuteka maji, yeye alikuwa akishuka kando ya mfereji, na mkamwana wake Yudith, kibarua wa palizi, akamwona anakuja. Kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hujificha popote palipo karibu. Yudith akajitosa kwenye nyumba ya chandarua, mlango ukabaki wazi mpaka mkwewe alipopita. Lutengano aliona, akapita akitazama kando, moyo umemjaa fahari kwa heshima aliyopewa.

Sasa alinyamaza. Alijiambia kumtaja mkamwana ni mwiko. Uongo mtupu: aliogopa nyumba yake isije ikachekwa, na kila alipomwona Jailos alibadili njia.

Vibarua walipokusanyika kumuaga Jailos, Yudith alitoka kati yao akasimama mbele ya bwana, karibu kabisa na mkwewe, bila kujifunika.

“Mlango nilifungua mimi. Nilikuwa namkimbia baba mkwe.”

Bwana akamuuliza Lutengano kama alilijua hilo.

“Nilijua,” alisema, akitazama chini. “Nilimwona akiingia.”

Bwana akamrudishia Jailos kazi. Jailos hakumtukana Lutengano. Alimshukuru Yudith, akachukua ndoo yake, akarudi kumwagilia. Lutengano angeona nafuu kama angetukanwa.