Mwenye Leseni Yuko Jikoni

Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Hawa walichoka na hawakupata, kwa sababu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa akiwapakulia supu.

Bi Gwak alianguka wakati wa kung'oa vitunguu saumu akavunjika nyonga. Hospitali ya mjini ilimtia chuma, kisha daktari akamrudisha kijijini na agizo moja: tafuteni mtaalamu wa tiba ya viungo mwenye leseni, karibu na nyumbani, amsimamishe kila siku. Akilala tu mpaka vuli, hatainuka tena.

Jioni hiyo mwanawe Deok-gyu alikaa mezani na simu, na dada yake Mi-ryeong, aliyekuja kutoka jiji la Daegu, na simu yake. Kila mtaalamu waliyempigia, huyu yuko mbali, yule hana nafasi. Eun-sil, mke wa Deok-gyu, alikuwa akiweka mezani kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Kabla ya kuolewa alifanya kazi hiyohiyo ya tiba ya viungo katika hospitali kubwa, na leseni yake ilikuwa kwenye droo, chini ya soksi za baridi. Alipoolewa, Bi Gwak ndiye aliyesema mkamwana wa nyumba hii hashiki miguu ya waume za watu. Deok-gyu alitazama sakafu, na kazi ikaishia hapo.

"Jamani, wilaya nzima hakuna hata mmoja?" alisema Mi-ryeong. "Wifi, hebu ongeza figili."

Eun-sil akaongeza figili. Alikuwa na hasira ya kuvunja bakuli. Wangemuuliza neno moja tu, angeinuka palepale.

Hawakumuuliza. Kesho yake wakamleta Mzee Pyo wa sokoni, ambaye leseni yake ni domo. "Tulia, Mama, mifupa inanijua," akasema, akambandika plasta za dawa, kisha akaushika mguu na kuuzungusha kama anayekamua shuka. Ukelele wa Bi Gwak ulimfikia Eun-sil ghalani.

Aliingia chumbani na viatu vyake vya shambani, tope na yote.

"Toa mikono!"

"We mkamwana, nani kakuita?" alifoka Mzee Pyo.

"Toa, kabla sijakuvunja nyonga yako tuone utajiunga vipi!"

Mzee Pyo akakusanya plasta zake akatoka bila hata kuaga.

"Mama Sol," Deok-gyu alimwambia mkewe, "viatu..."

"Viatu! Mama yako anapigwa mweleka mbele ya macho yako, wewe unaona viatu! Mwenye leseni unalala naye kila siku, Baba Sol, unakwenda kumtafuta sokoni!"

"Mtuache wawili," alisema Bi Gwak kutoka kwenye mto.

Mlango ulipofungwa, kikongwe akageuza uso ukutani. "Unadhani nimesahau kazi yako? Ukiniinua, kijiji kizima kitajua. Kituo cha afya kitakuita, nawe utakwenda. Nani atafunga vitunguu?"

Miaka yote Eun-sil alidhani mama huyu anaidharau kazi yake. Kumbe aliijua thamani yake kuliko wote, na alikuwa radhi kuoza kitandani ili mkamwana asiirudie. Hilo lilimuuma kuliko dharau.

"Weka mkono begani kwangu. Simama."

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Walitembea hadi jikoni, hadi uani kwenye mitungi ya mchuzi wa soya, wakitukanana njia nzima.

"Mkamwana gani anamwamrisha mkwewe kama punda!"

"Punda hapigi kelele hivi. Tena."

Vitunguu vilipokauka, tayari kufungwa mafungu, Bi Gwak alifika langoni kwa mkongojo wake, bila kushikwa. Alimkuta Eun-sil anatoka, shati jeupe limepigwa pasi, begi begani. Kituo cha afya kilikuwa kimemwita kweli.

"Ghala limejaa!" Bi Gwak alipaza sauti mpaka jirani akasimama kusikiliza. "Nani atafunga vitunguu?"

"Kilichovunjika ni nyonga, Mama," alisema Eun-sil, akampita. "Mikono ni mizima. Yako, na ya mwanao."